Mshahara Wako Unatoka Mfuko Gani?

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa fani za TEHAMA, Kijitonyama, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa mkutano, wahadhiri wetu, wenzangu mlioaga kazini mapema ili muwahi hapa kabla foleni ya Bagamoyo haijafunga, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao ndio wenye shughuli: naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa ajira katika tasnia ya teknolojia, na ndani ya barua ya mwaliko niliambatanishiwa swali mlilolileta wenyewe: ni fani ipi ya TEHAMA ambayo haitatuangusha? Wengine mmetaja usalama wa mtandao, wengine sayansi ya data, na wengi zaidi akili mnemba. Kwa maoni yangu swali hilo limeanzia mbali na penye tatizo. Katika muda wote niliofanya kazi jijini hapa, kwanza kwenye kampuni za simu na baadaye kwenye mifumo ya malipo, ni nadra sana nilipomwona mtu akipunguzwa kazini kwa sababu fani yake imekufa. Niliowaona ni wengi wenye ujuzi kunizidi, waliopunguzwa kwa sababu mfuko uliokuwa ukiwalipa ulifungwa, na mara nyingi aliyeufunga hakuwajua kwa sura wala kwa jina. Kwa hiyo kabla hujauliza usome nini, uliza kwanza mshahara unaoahidiwa unatoka mfuko gani, na ni jambo gani likitokea mfuko huo hautafunguliwa tena.

Tuanze na mfuko unaosifiwa zaidi kwenye makongamano, yaani fedha za wawekezaji wa kampuni changa. Kwa miaka mingi riba ya benki kuu ya Marekani ilikaa karibu na sifuri, na tajiri ambaye hapati chochote kwa kuweka fedha mahali salama huwa tayari kuziweka kwenye kampuni isiyo na faida, akitarajia kuvuna siku za mbele. Kuanzia Machi 2022 riba hiyo ilipandishwa mfululizo, hadi kufikia Julai 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Tajiri yuleyule sasa angeweza kuikopesha serikali yake na kupata faida bila kutoka jasho, na subira yake kwa kampuni zisizo na faida ikaisha. Hapo ndipo mliposikia Meta, wenye Facebook, imepunguza watu 11,000 Novemba 2022, na kampuni mama ya Google ikatangaza kupunguza 12,000 Januari 2023. Si riba peke yake iliyofanya hayo, maana kampuni hizo ziliajiri kupita kiasi wakati wa Uviko, lakini riba ndiyo iliyomaliza ukarimu. Ndugu zetu wa Ghana walionja zaidi: Twitter ilifungua ofisi yake ya Accra mwaka 2022, na siku chache baadaye, kampuni ikiwa imepata mmiliki mpya, karibu timu nzima ikaachishwa kazi. Sidhani hata walikuwa wameshazoea viti vyao.

Hapa Dar es Salaam somo hilo lilifika mapema zaidi. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliingia katika soko la hisa la New York mwezi Aprili 2019, na ilipofika Novemba mwaka huohuo ikasitisha shughuli zake Tanzania ili ielekeze nguvu kwenye masoko iliyoyaona yana tija. Mtu aliyekuwa akipokea oda, anayesimamia bodaboda za mizigo, au anayetunza tovuti, angeweza kuwa mfanyakazi hodari kuliko wote barani, na bado hesabu ya wenye hisa ingemfuata mezani kwake. Sisemi msiende kwenye kampuni changa. Huko kijana hufundishwa kwa mwaka mmoja mambo ambayo mahali pengine angeyasubiri miaka mitano, kwa sababu hakuna mwingine wa kuyafanya. Ninachosema ni kwamba unapohojiwa, nawe uulize: fedha mlizonazo zinatosha miezi mingapi, na mteja wenu anayelipa ni nani? Ni swali la heshima na mwajiri makini analizoea. Akikukunjia uso, jibu umeshalipata.

Mfuko wa pili hautajwi sana kwenye makongamano, ingawa umewalisha wataalamu wengi wa programu wa jiji hili kuliko tunavyopenda kukiri. Nao ni mfuko wa wafadhili. Mifumo ya taarifa za afya nchini, kwa mfano, imesimama kwa sehemu kubwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuiendeleza na kuieneza. Programu yenyewe ni ya bure, ila mtu anayeiweka kwenye seva, anayefundisha watunza takwimu wa wilaya na anayejenga ripoti za chanjo au za dawa hawezi kuishi kwa bure. Wengi wao walilipwa kupitia miradi, na nyuma ya miradi mingi palikuwa na fedha za Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa nchi hiyo alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje, na ndani ya siku chache amri za kusimamisha kazi zikafika kwenye ofisi za miradi, zikiwemo za hapa kwetu.

Ninamfahamu kijana mmoja, namwita mdogo wangu kwa sababu nilimpokea akiwa katika mafunzo kwa vitendo, aliyekuwa kwenye mradi wa namna hiyo. Aliambiwa arudishe kompyuta mpakato yenye kibandiko cha namba ya mali ya mradi, akasaini daftari la makabidhiano, akaondoka na begi tupu. Lakini namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani katika ofisi za takwimu za hospitali kadhaa za wilaya. Kwa hiyo simu hazikukoma. Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, mtunza takwimu anampigia: kaka, ripoti ya mwezi imegoma kufunga, tunafanyaje? Naye anamwelekeza akiwa amekaa sebuleni kwao Mbagala, bila mshahara.

Tulitazame jambo hilo vizuri. Haja ya kazi yake haikupungua hata kidogo, na aliyeihitaji kazi hakuwahi kuwa ndiye anayeilipia. Pengo kati ya mhitaji na mlipaji ndilo lililomkalisha kwenye kuti kavu miaka yote hiyo, hata pale mshahara wake ulipokuwa mkubwa kuliko wetu sote. Leo kijana huyo anatengeneza mfumo wa madai ya bima kwa hospitali binafsi. Kilichompa kazi hiyo ni kuelewa mgonjwa anavyopita kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa, na karatasi gani inazaliwa kila kituo. Lugha ya programu anayoitumia sasa alijifunza baada ya kuajiriwa.

Mtasema basi twende kwenye fedha za wateja, zisizokatika kwa saini ya mtu mmoja. Watu hawataacha kupiga simu wala kutuma pesa. Ni kweli, na ndiko nilikoanzia. Hata hivyo tuitazame historia ya simu jijini hapa. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Mobitel ikawa Buzz, Buzz ikawa Tigo, na Novemba 2024 Tigo ikawa Yas. Wateja walibaki na laini zao, lakini ndani ya majengo kila jina jipya lilikuja na mpango mpya wa nani abaki. Airtel ilipoingia Afrika mwaka 2010 ilikuja na mtindo wake kutoka India: mifumo ya kompyuta ikakabidhiwa IBM katika nchi 16, na vituo vya huduma kwa wateja vikapewa wakandarasi. Minara nayo ikauzwa. Helios, kampuni ya kumiliki minara, ilinunua ya Tigo mwaka 2010 na ya Vodacom mwaka 2013, na mwaka 2021 Airtel ikatangaza kuuza ya kwake.

Fikirieni fundi wa mnara mmoja wa pembezoni mwa jiji. Mwanzo alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu, ana bima ya afya ya familia na mkopo wa nyumba wa masharti nafuu. Mnara ulipouzwa, kazi yake ikahamia kwa mkandarasi wa kampuni ya minara, na baadaye kwa mkandarasi wa mkandarasi, ambaye humlipa kwa tiketi, yaani kwa kila tukio analotumwa: jenereta limezimika, nenda, washa, piga picha, tuma, subiri malipo. Mnara ni uleule, jenereta lilelile, na mteja anayelipia dakika ni yuleyule. Kwa hiyo pamoja na kujua fedha zinatoka wapi, hesabuni pia zimepita mikono mingapi kabla ya kuwafikia. Kila mkono unachukua chake, na kila mkono unaweza kuwaachia. Mkipata kazi mbili zenye mshahara unaokaribiana, moja kwa mwenye mfumo na nyingine kwa wakala anayemkodishia watu mwenye mfumo, mimi ningechagua ya kwanza hata kama ina pungufu la laki mbili.

Niseme neno kuhusu sheria, kwa kuwa wataalamu wetu wengi huifungua siku wanapokabidhiwa barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji, ila inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi kuhusu namna ya kuepusha au kupunguza zoezi hilo. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu hiyo inakoma kwenye miaka 10. Tufanye hesabu. Mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,300,000, anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, siku yake moja ni shilingi 50,000. Akiwa amekaa miaka 4, ni siku 28, yaani shilingi 1,400,000. Hazifiki kodi ya miezi sita ya nyumba ya wastani pale Sinza, na hiyo ni kwa mtu anayeonekana analipwa vizuri.

Sasa angalieni neno msingi. Waajiri wengi wa tasnia yetu hupenda kuandika mshahara wa msingi mdogo na kuujaza kwa posho: ya nyumba, ya usafiri, ya intaneti. Mwisho wa mwezi huoni tofauti. Utaiona siku ya kupunguzwa. Isitoshe, mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa kufika tarehe yake, kiinua mgongo hicho cha kisheria hakipo, labda mkataba wenyewe uwe umekiahidi. Lipo pia fao la upotevu wa ajira la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambalo humlipa aliyechangia angalau miezi 18 theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Ndiyo sababu nawasihi: mwajiri akikuita chumba kidogo na kukuambia kwamba kwa ajili ya jina lako ni bora uandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, usiandike siku hiyo. Mwombe muda, nenda kwa mtu anayejua sheria, na ukumbuke kwamba malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Serikalini nitapita haraka, maana habari zake mnazijua kupitia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Nafasi ni chache na waombaji ni jeshi. Nawaomba tu msiidharau kwa kudhani ni mahali pa kusinzia. Mfumo wa malipo ya serikali ulioanza mwaka 2017, ambao leo unatoa namba ya malipo kwa kila ada, faini na leseni, ulijengwa na wataalamu wa humuhumu, na waliopita pale wanatafutwa na mabenki.

Kuhusu kuwafanyia kazi wateja wa nje mkiwa nyumbani, fedha yake ni nzuri na sina kinyongo nayo. Lakini mjue mnaojiajiri hamna notisi, hamna kiinua mgongo, wala mwajiri wa kuwachangia NSSF, kwa hiyo sehemu ya malipo si mapato bali ni akiba ya siku ambayo mteja hatajibu barua pepe. Wanaofanya kazi hizo watakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikatambaa. Mteja wa ng'ambo mwenye tarehe yake ya makabidhiano hakujua wala hakutaka kujua kuhusu nyaya.

Nimebakiza akili mnemba, na najua ndiyo mliyokuwa mkiisubiri. Sina haja ya kuwatisha wala kuwabembeleza. Tangu mwishoni mwa 2022 kazi ambazo sisi tulikuwa tukiwapa vijana wapya ili wajifunze, kama kutengeneza fomu, kuandika ripoti ndogo kutoka kwenye kanzidata, au kuandaa majaribio ya programu, sasa mhandisi mzoefu anaweza kuzimaliza na mashine kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba, na atakayekanusha hilo mbele yenu anawadanganya. Jambo linaloniudhi ni kwamba waajiri wanafurahia kuokoa mishahara ya vijana wapya bila kujiuliza wazoefu wa mwaka 2035 watatoka wapi.

Lakini nawaombeni mje siku moja usiku kwenye chumba cha uangalizi wa mifumo ya malipo, tarehe za mwisho wa mwezi. Saa tatu usiku mama mmoja wa Tabata ananunua umeme wa LUKU kwa simu. Pesa imekatwa, namba za kuingiza kwenye mita hazijaja, nyumba iko gizani. Kampuni ya simu inaonyesha muamala umefanikiwa, mfumo wa kati unaonyesha unasubiri, na upande wa umeme hakuna kumbukumbu yoyote. Nyuma ya mama huyo wako maelfu. Mtu wa zamu anatakiwa aamue: arudishe pesa sasa, na kama namba zitachelewa kutoka mtu atakuwa amepata umeme bure, au asubiri, na simu za malalamiko zizidi? Ni lazima ajue mkataba kati ya taasisi hizo unasema nini, nani wa kupigiwa simu usiku ule, na kesho asubuhi hesabu zitalinganishwaje. Mashine itamsaidia kusoma kumbukumbu za seva kwa haraka. Haitasaini taarifa ya tukio, wala haitaitwa mbele ya Benki Kuu kujieleza.

Ndiyo maana nilipoulizwa fani ipi, nilirudisha swali. Chukueni fani yoyote mnayoipenda, kisha ifungeni kwenye shughuli moja ya nchi hii inayolipiwa na watu wanaoihitaji wenyewe: malipo, forodha na bandari, bima, hospitali, umeme, maji. Ijueni hadi muweze kubishana na mhasibu wake. Sheria mpya nazo hufungua milango ambayo wengi hawaioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili na kuwa na afisa anayeshughulikia ulinzi wa taarifa hizo. Ni kazi inayomtaka mtu anayesoma sheria bila kusinzia na pia anayejua taarifa zimehifadhiwa kwenye seva ipi. Katika ukumbi huu sijui kama wapo wawili waliowahi kuifikiria.

Kuna aliyeniandikia kikaratasi kabla sijasimama. Anasema ameahidiwa kazi ya mradi kwa miezi 11, hana nyingine, na kwao wanamtegemea. Je, akatae kwa sababu ya haya nitakayosema? Hapana, kijana wangu, ikubali. Aliye na njaa hachagui mfuko. Ila wiki ya kwanza tafuta kujua mfadhili ni nani na mkataba wake na ofisi yako unaisha lini, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo tarehe yako hata kama barua yako imeandika nyingine. Jitahidi mshahara wa msingi uandikwe mkubwa kuliko posho. Hakikisha michango yako ya NSSF inaonekana kila mwezi, usingoje kuambiwa. Na katika miezi hiyo 11, wajue kwa majina watu wanaoutumia mfumo utakaoujenga, kule wilayani na hospitalini, kuliko unavyowajua mabosi wa mradi.

Wenye mikataba ambayo hamjasaini, nitakuwa meza ya nyuma hadi saa kumi na mbili. Funikeni jina la kampuni, tuisome pamoja. Mwenyekiti, nimeshakula dakika za mzungumzaji anayefuata. Nakurudishia kipaza sauti.